Jeni ya usugu inapolala: maswali kuhusu RNA na bakteria wasiosikia dawa

Maswali haya nimeulizwa na wauguzi, wanafunzi wa famasia, na wakati mwingine wagonjwa waliokuja na karatasi ya majibu mkononi, wakitaka kujua imekuwaje dawa iliyoandikwa kuwa inafaa isiwafae. Ninafanya kazi kwenye maabara ya mikrobiolojia: naotesha vimelea, navipima na dawa, naandika majibu. Jambo moja limenisumbua kwa miaka mingi, nalo ndilo linalopita katikati ya majibu yote hapa chini. Bakteria anaweza kubeba jeni ya usugu iliyolala, na dawa yenyewe ndiyo ikamwamsha.

Nimetumia dawa hii mara nyingi. Je, mwili wangu umeizoea?

Hapana. Mwili hauzoei antibiotiki. Anayebadilika ni bakteria, naye anahama kutoka mtu hadi mtu. Natilia mkazo jambo hili kwa sababu lina madhara: anayeamini kuwa mwili wake ndio umezoea humwambia jirani, "Wewe hujawahi kuitumia, kwako itashika." Kumbe mtoto wa wiki moja, ambaye hajaonja kidonge hata kimoja, anaweza kuambukizwa bakteria aliyekuja tayari akiwa sugu.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba mwaka 2019 vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria, na vifo milioni 4.95 vilihusishwa nao kwa namna moja au nyingine. Kiwango cha vifo kwa idadi ya watu kilikuwa kikubwa zaidi Afrika Magharibi, kusini mwa Sahara.

Bakteria anawezaje kuwa na jeni ya usugu na bado auawe na dawa?

Kuwa na mwavuli ndani ya nyumba si kuwa umeufungua. Jeni ni maagizo yaliyoandikwa kwenye DNA. Ili yafanye kazi, kwanza hunakiliwa kwenye RNA, kisha mashine ndogo iitwayo ribosomu huisoma RNA hiyo na kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine mpaka ipatikane protini. Protini ndiyo inayofanya kazi ya usugu: kuivunja dawa, kuisukuma nje, au kubadilisha mahali dawa inapokamata. Njia hii ikifungwa popote, jeni ipo lakini haina kazi.

Na bakteria ana sababu ya kuifunga, kwa kuwa usugu una gharama. Mfano mzuri ni jeni za kundi la erm, zinazompa bakteria usugu dhidi ya erithromisini na ndugu zake. Kimeng'enya kinachotokana na jeni hizo hubandika vikundi viwili vya methili kwenye herufi moja tu ya RNA inayoijenga ribosomu yenyewe, herufi A iliyo namba 2058 kwa hesabu ya ribosomu ya E. coli, bakteria wa kawaida wa utumbo. Kibandiko hicho huifanya dawa ishindwe kukamata. Lakini mwaka 2013 kundi la Alexander Mankin na Nora Vázquez-Laslop huko Chicago lilionyesha kwamba ribosomu zilizobandikwa huharibu mizani ya utengenezaji wa baadhi ya protini za bakteria mwenyewe. Bakteria anayeishi hivyo kila siku anapitwa na wenzake dawa isipokuwepo. Ndiyo maana inamfaa zaidi kuiweka jeni ikiwa imefungwa na kuifungua siku ya hatari.

RNA inaingiaje hapo? Si ni mjumbe tu?

Wengi tulifundishwa hivyo shuleni, kwamba RNA ni tarishi anayepeleka barua. Ni kweli, ila haitoshi. RNA ni uzi mmoja, na uzi mmoja una tabia ambayo yeyote aliyewahi kushika kamba ya usumba anaijua: ukiilegeza, inajisokota yenyewe na kufanya vifundo. Herufi za RNA hutafutana, A kwa U na G kwa C, na sehemu mbili za uzi uleule zikikutana hushikamana na kufanya kitanzi.

Kitanzi hicho kikiangukia pale ribosomu inapotakiwa kukaa ili ianze kusoma, ribosomu haipati pa kukaa. Kikiwa na umbo fulani la kukaza, kinaweza hata kuisimamisha mashine inayonakili RNA kutoka kwenye DNA kabla haijafika kwenye jeni. Kwa hiyo barua yenyewe ina kufuli juu yake. Sehemu hiyo ya mwanzo wa RNA, kabla ya jeni, ndiyo inayoitwa kiongozi, na ndiko mambo mengi ya ukurasa huu yanakotokea.

Tupeni mfano mmoja tuuone kwa karibu.

Mfano ninaoupenda ni ermC, moja ya zile jeni za kundi la erm. Ulichunguzwa kwenye plasmidi (kiduara cha DNA kilicho kando ya DNA kuu ya bakteria) ndogo iitwayo pE194, iliyotoka kwa Staphylococcus aureus, bakteria yuleyule wa majipu na vidonda vyenye usaha. Mwaka 1980 makundi mawili ya Marekani, la Bernard Weisblum na la David Dubnau, yalichapisha maelezo ya jinsi jeni hiyo inavyoamka. Tangu wakati huo maelezo hayo yameongezewa picha nyingi, lakini kiini chake kimebaki kilekile.

Mbele ya jeni ya kimeng'enya kuna jeni nyingine ndogo mno, ya peptidi, yaani protini fupi, ya asidi amino 19 tu. Peptidi hiyo ikishatengenezwa haina kazi inayojulikana. Umuhimu wake uko kwenye kitendo cha kuitengeneza. Uzi wa RNA wa eneo hilo una vipande vinne vinavyoweza kushikana. Tuviite cha kwanza, cha pili, cha tatu na cha nne. Dawa isipokuwepo, cha kwanza hushikana na cha pili, nacho cha tatu hushikana na cha nne. Kipande cha nne ndicho chenye mahali pa kuanzia kusoma kimeng'enya, na sasa kimefichwa ndani ya kitanzi. Ribosomu husoma peptidi ndogo, ikamaliza, ikaachia, kitanzi kikabaki kimefungwa. Kimeng'enya kinachopatikana ni kidogo sana.

Sasa lete erithromisini kidogo. Dawa hii hukaa ndani ya handaki la ribosomu, njia ambayo protini changa hupitia ikitoka. Ribosomu yenye dawa ndani huanza kusoma ile peptidi ndogo, huunganisha asidi amino tisa, kisha hukwama palepale. Haiendi mbele, haishuki. Imekaa juu ya kipande cha kwanza kama daladala iliyozimika katikati ya barabara, na kwa kukaa kwake hapo, kipande cha kwanza hakiwezi tena kushikana na cha pili. Cha pili kikiwa huru hukimbilia cha tatu. Cha nne kinaachwa peke yake, wazi, na ribosomu nyingine inapanda juu yake na kuanza kutengeneza kimeng'enya cha usugu.

Huo ndio mtego wote. Hakuna protini ya kupeleka taarifa. Dawa inaikamata ribosomu, na ribosomu iliyokamatwa ndiyo inayofungua mlango wa usugu.

Mbona inapingana? Dawa inazuia ribosomu, halafu ribosomu ndiyo itengeneze kimeng'enya?

Swali hili huulizwa na wanafunzi wazuri, na wana haki. Jibu liko kwenye kiasi na wakati. Dawa haizifikii ribosomu zote kwa mkupuo. Dawa ikiwa bado kidogo, baadhi ya ribosomu zimekamatwa na nyingine ziko huru. Iliyokamatwa hufungua kitanzi, iliyo huru hutengeneza kimeng'enya, na kimeng'enya huanza kubandika methili kwenye ribosomu mpya zinazoundwa. Hizo mpya hazishikwi na dawa tena, kwa hiyo nazo huendelea kutengeneza zaidi.

Kumbuka pia kwamba peptidi fupi kama ile ya asidi amino 19 ni jambo la sekunde chache mno. Ribosomu yenye dawa inaweza kuianza vizuri tu, na inakwama kwa sababu ya mpangilio maalumu wa asidi amino zake. Zamani ilidhaniwa kuwa dawa za kundi hili huziba handaki kabisa, kila protini ikwame. Sasa inajulikana kuwa zinachagua: protini nyingine hupita pembeni ya dawa, nyingine hukwama mwanzoni.

Hayo ya maabara yanamhusu nini mgonjwa mwenye jipu?

Yanamhusu sana, na hapa naomba nikupeleke kwenye meza yangu.

Usaha umeletwa, umeoteshwa, ametokea Staphylococcus aureus. Nampaka kwenye sahani ya agari mpaka uso wote umefunikwa sawasawa. Kisha naweka visahani viwili vidogo vya karatasi vyenye dawa: kimoja cha erithromisini mikrogramu 15, kingine cha klindamisini mikrogramu 2. Sahani inaingia kwenye kabati la joto la nyuzi 35 mpaka kesho yake.

Asubuhi, kisahani cha erithromisini kimezungukwa na bakteria mpaka kwenye ukingo wake. Hapo dawa imeshindwa. Kisahani cha klindamisini kina duara kubwa safi kukizunguka, pasipo bakteria hata mmoja. Ukiviweka visahani hivi mbalimbali, kila kimoja kwenye kona yake, utaandika bila wasiwasi: erithromisini haifai, klindamisini inafaa. Na mgonjwa ataandikiwa klindamisini.

Lakini viweke karibu, milimita 15 hadi 26 kati yao, na picha inabadilika. Upande wa duara la klindamisini unaoelekea erithromisini hauwi mviringo. Umebonyea, umekuwa mstari ulionyooka, na umbo lote linafanana na herufi D. Mara ya kwanza kuiona nilidhani nimepaka vibaya nikarudia kazi nzima. Siku ya pili D ikawa palepale.

Maana yake ni kwamba pale kati ya visahani viwili, erithromisini kidogo iliyosambaa imewaamsha bakteria. Wametengeneza kimeng'enya, ribosomu zao zimebandikwa, na kibandiko hicho kinaizuia klindamisini pia, kwa sababu dawa zote mbili zinakamata eneo lilelile la ribosomu. Upande wa pili wa duara, ambako erithromisini haijafika, bakteria walewale wamekufa. Bakteria ni mmoja, sahani ni moja. Tofauti ni kwamba huku kufuli limefunguliwa, kule halijafunguliwa.

Kipimo hiki kinaitwa kipimo cha D. Kinahitaji vitu vilevile ambavyo maabara tayari inavyo, na utaratibu wa kimataifa unataka majibu ya bakteria wa namna hii yaandikwe kuwa klindamisini haifai. Nimewahi kuona majibu kutoka maabara moja, siitaji, ambako visahani vilikuwa vikipangwa mbalimbali kila siku kwa mazoea. Mgonjwa aliyeandikiwa dawa kwa karatasi ile alirudi wiki mbili baadaye na kidonda kilichopanuka. Hakuna aliyedanganya. Waliandika walichokiona.

Kama klindamisini haimwamshi bakteria, kwa nini isiwe salama kuitumia?

Kwa sababu ya mabadiliko ya jeni. Kati ya mamilioni ya bakteria ndani ya kidonda, atatokea ambaye kipande chake cha kiongozi kimeharibika: herufi zimebadilika au sehemu imekatika, kitanzi hakifungi tena. Huyo hahitaji kuamshwa na chochote, anatengeneza kimeng'enya saa zote. Klindamisini inaua wenzake wote na kumwachia yeye nafasi. Wagonjwa wengine hupona kwa klindamisini hata kipimo cha D kikiwa kimetokea, hasa kama jipu limepasuliwa na kusafishwa vizuri, lakini mimi nisingependa kuwa daktari anayebahatisha hapo kwenye maambukizi ya damu au ya mfupa.

Je, mbinu hii ni ya erithromisini peke yake?

Hapana. Kloramfenikoli ina kisa kinachofanana sana: kwenye bakteria kadhaa, jeni ya kimeng'enya kinachoiharibu dawa hiyo ina peptidi ndogo mbele yake, ribosomu hukwama juu yake dawa ikiwepo, na kitanzi hufunguka. Paul Lovett alitumia miaka mingi kuchambua mfano wa Bacillus.

Tetrasaiklini ndiyo inayonitia hofu zaidi. Jeni ya tet(M) hubebwa na kipande cha DNA kinachoweza kuruka kutoka bakteria mmoja hadi mwingine; kinachojulikana sana ni Tn916, kilichopatikana kwa Enterococcus faecalis, bakteria wa utumbo. Hapa kufuli liko kwenye kunakili. Bila dawa, mashine inayonakili RNA husimamishwa na kitanzi kabla ya kufika kwenye tet(M). Tetrasaiklini ikiwepo, kitanzi hakishiki vizuri na mashine hupita. Lakini haisimami mwisho wa tet(M). Kipande kile kikiwa kimejitoa na kujifunga duara, unakili huendelea mpaka kwenye jeni zinazohusika na kuhama. Dawa ileile inayomwamsha bakteria kujikinga inamwandalia pia safari ya kwenda kuigawa jeni kwa wengine. Kila nikifikiria mifuko ya oksitetrasaiklini inayomwagwa kwenye maji ya kuku bila kupima dozi, nafikiria hilo.

Na kuna mingine mingi zaidi ya tuliyoitarajia. Mwaka 2016 kundi la Rotem Sorek katika Taasisi ya Weizmann, Israeli, lilichapisha mbinu ya kusoma miisho yote ya RNA ndani ya bakteria kwa wakati mmoja. RNA fupi iliyokatika kabla ya jeni ni alama ya kufuli lililofungwa. Waliwachukua bakteria, wakawapa antibiotiki, wakatazama RNA zipi zimerefuka ghafla. Walipata kufuli za aina hii kwa Bacillus subtilis, Listeria monocytogenes na Enterococcus faecalis, zikiwemo za jeni ambazo hapo awali hazikujulikana kuwa zinahusika na usugu.

Je, hizi ndizo zinaitwa riboswichi?

Si hasa, ingawa watu huzichanganya. Riboswichi ni RNA inayokamata molekuli yenyewe moja kwa moja, bila ribosomu kuingilia, na umbo lake likabadilika. Zilithibitishwa mwaka 2002. Maabara ya Ronald Breaker huko Yale ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Nyingi hukamata vitu vya kawaida vya chakula cha seli, kama vitamini B1, B2 na B12. Kwenye ermC dawa haiigusi RNA ya kiongozi; inaikamata ribosomu, na ribosomu ndiyo inayobadilisha umbo la uzi.

Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba imepatikana riboswichi inayokamata dawa za aminoglikosidi, zile za ukoo wa jentamisini na kanamisini, mbele ya jeni zinazoziharibu. Mwaka huohuo Roth na Breaker walijibu kwamba mpangilio uleule wa herufi unaelezeka vizuri zaidi kuwa ni mahali pa kuunganishia jeni kwenye integroni, yaani mfumo ambao bakteria hutumia kukusanya jeni za usugu. Mimi naona hoja ya Roth na Breaker ina nguvu, na kwa sababu hiyo sifundishi riboswichi ya aminoglikosidi kama jambo lililokwisha kuthibitika.

Nimesikia pia kuhusu RNA ndogo. Hizo ni nini?

Hizo hazikai mbele ya jeni inayoongozwa. Hutengenezwa mahali pengine kwenye DNA, huelea ndani ya seli, na zikikutana na RNA ya jeni fulani hushikana nayo na kuizuia au kuisaidia. Mara nyingi protini iitwayo Hfq huzisaidia kukutana.

Mfano wa zamani ni MicF ya E. coli, iliyoelezwa mwaka 1984 katika maabara ya Masayori Inouye. Ina herufi kama 93 tu. Kazi yake ni kuzuia utengenezaji wa OmpF, protini inayofanya tundu kwenye ukuta wa nje wa bakteria. Antibiotiki nyingi, zikiwemo baadhi za ukoo wa penisilini, huingilia kwenye matundu hayo. MicF ikiongezeka, matundu yanapungua, na dawa inabaki nje ikigonga. Usugu wa namna hii peke yake si mkubwa, lakini unampa bakteria muda, na muda ndio anaouhitaji.

RNA nyingine ndogo, MgrR, hufanya kinyume. Huzuia kimeng'enya kinachobadilisha ngozi ya nje ya bakteria. Ukiiondoa MgrR, bakteria anavumilia zaidi polimiksini, antibiotiki inayoshambulia ngozi hiyo.

Na kifua kikuu?

Bakteria wa kifua kikuu ana jeni ya ukoo wa erm tangu asili, erm(37), na hiyo ni sehemu ya sababu dawa za kundi la erithromisini hazitumiki kumtibu. Anayeziongoza jeni nyingi za kujikinga kwake ni protini iitwayo WhiB7, na mbele ya jeni ya whiB7 kuna kiongozi mrefu wa RNA wenye peptidi ndogo ndani yake. Ribosomu ikisumbuliwa na dawa, unakili unaendelea mpaka ndani ya whiB7. Kanuni ni ileile tuliyoiona kwa jipu, ila hapa kufuli moja linafungua mlango wa ghala zima.

Ndugu yake, Mycobacterium abscessus, hutupa somo kali la maabara. Ana erm(41), nayo huamka polepole. Ukisoma kipimo cha klarithromisini, ndugu wa erithromisini, siku ya tatu, inaonekana inafaa. Ukimwacha mpaka siku ya 14, haifai. Kwa sababu hiyo kipimo chake huongezewa muda mpaka siku hiyo ya 14.

Kwa hiyo usugu wote unaongozwa na RNA?

La. Jeni ya tetA ya bakteria wa kundi la E. coli huongozwa na protini, TetR. Usugu wa vankomisini wa Enterococcus huongozwa na protini mbili zinazopokezana taarifa. Jeni nyingine hazifungwi kabisa, zinafanya kazi saa zote. RNA ni njia moja kati ya nyingi, na inapatikana sana kwa dawa zinazoshambulia ribosomu, kwa sababu ambayo sasa unaielewa: kipima hatari na kitu kinachoshambuliwa ni kilekile.

Kuacha dozi katikati ndiko kunakoamsha jeni?

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuamka kwa jeni hutokea ndani ya dakika chache dawa ikifika, hata kwa mgonjwa anayemeza kwa saa, na dawa ikiondoka jeni hurudi kulala. Hakuachi alama kwenye DNA. Uchaguzi ni jambo jingine: dawa inapoua dhaifu na kuwaachia nafasi wenye jeni, au wale walioharibika kufuli, na watoto wao hubaki hivyo.

Kinachounganisha mambo hayo mawili ni dawa kidogo, isiyotosha kuua lakini inayotosha kuamsha. Vidonge vitatu vya kununua kwenye duka la dawa kwa sababu hela haikutosha, kidonge kilichogawanywa kwa watoto wawili, dawa iliyofubaa juani: hivyo vyote hutengeneza hali ileile ninayoiona kati ya visahani viwili. Meza dozi na siku kama ulivyoandikiwa na mtaalamu.

Mbona basi serikali hugawa azithromisini kijiji kizima?

Swali hili huulizwa Tanzania, ambako azithromisini, ndugu mwingine wa erithromisini, imegawiwa kwa miaka mingi dhidi ya trakoma, ugonjwa wa vikope unaopofusha. Sababu ni nzito: dozi moja kwa mwaka inapunguza maambukizi kijijini na kuwaokoa watu macho yao. Zaidi ya hapo, utafiti uliofanyika Niger, Malawi na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2018, uligawa dozi mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na vifo vyao vikapungua kwa karibu asilimia 14, tofauti kubwa zaidi ikiwa Niger.

Gharama nayo ilionekana. Nchini Niger, jeni za usugu dhidi ya kundi hili la dawa ziliongezeka kwa watoto wa vijiji vilivyopewa dawa. Mimi siwezi kumwambia mama wa Kilosa kwamba macho au uhai wa mwanawe vina uzito mdogo kuliko jeni ya erm. Ninachodai ni kwamba kila inapogawiwa dawa kwa wingi, maabara ya karibu iwezeshwe kufuatilia vimelea, pamoja na kipimo cha D.

Kuna dawa inayolenga RNA hizi moja kwa moja?

Zimejaribiwa. Mwaka 2015 watafiti wa kampuni ya Merck walitangaza ribosili, molekuli waliyoipata baada ya kupepeta molekuli zipatazo 57,000. Inajifanya vitamini B2 na kuidanganya riboswichi ya bakteria ifunge utengenezaji wa vitamini hiyo, na panya walioambukizwa E. coli walionyesha nafuu. Bakteria walipopata usugu dhidi yake, mabadiliko yalikuwa kwenye riboswichi yenyewe, ushahidi mzuri kwamba dawa iligonga pale ilipolengwa. Haijafika hospitalini.

Njia nyingine ni kutengeneza dawa isiyoamsha. Kundi la ketolidi liliundwa kwa kuondoa sukari iitwayo kladinosi kwenye umbo la erithromisini, na bila sukari hiyo nyingi ya kufuli za erm hazifunguki kirahisi. Lakini kwa bakteria ambaye kufuli lake limekwisha kuvunjika, faida hiyo haipo.

Mimi ni mwanafunzi. Naweza kuona mpangilio huu bila maabara?

Chukua karatasi. Andika peptidi ya kiongozi wa ermC kwa herufi moja moja za asidi amino: M G I F S I F V I S T V H Y Q P N K K. Hesabu, ziko 19. Sasa weka kidole kwenye ya tisa, ile I. Rudi nyuma kidogo uone I-F-V-I, kuanzia ya sita hadi ya tisa. Watafiti walipobadilisha asidi amino za kundi hilo, ribosomu iliacha kukwama na jeni haikuamka tena, hata erithromisini ikiwepo. Kidole chako kiko pale ambapo ribosomu husimama. Asidi amino kumi zilizobaki, kuanzia S hadi K ya mwisho, haziunganishwi kamwe na ribosomu iliyokwama hapo.